Fundi aliyeachishwa kwa simu, vibarua wa msimu na mlinzi wa usiku

SWALI: Nina kiwanda kidogo cha kuchuja na kufungasha asali hapa Ipuli, Tabora. Watu wangu wa kudumu ni 6. Asali ikianza kuingia kwa wingi kutoka Sikonge naongeza vibarua 9. Hakuna hata mmoja mwenye mkataba. Nasikia sheria imebadilika, sasa naweza kumpa mtu yeyote mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kwamba kima cha chini ni shilingi 358,322, ambazo mimi sizimudu. Halafu wiki tatu zilizopita tulikorofishana na fundi wa mashine, mtu wa miaka minne kwangu, nikampigia simu nikamwambia asirudi. Sasa anasema anakwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nianze wapi? Na mlinzi wangu anayekesha kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, nimlipeje?

JIBU: Mama, anza na fundi. Hayo mengine yanaweza kusubiri wiki moja, lake haliwezi. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na zimebaki chache. Usifurahi ukidhani zikipita umepona. Tume inaweza kumwongezea muda akiwa na sababu ya msingi, na madai mengine kama likizo ambayo hakulipwa yana siku 60.

Ukweli mchungu ni kwamba kwa simu ile ulipoteza hata kama fundi ndiye mkosaji. Sheria inauliza mambo mawili: sababu ilikuwa halali? Na utaratibu ulifuatwa? Utaratibu ni tuhuma kwa maandishi, angalau saa 48 za kujiandaa, kikao ambacho anaweza kuja na mwenzake wa kumsaidia, kisha uamuzi wenye sababu. Wewe huna hata karatasi moja. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza kutumika Februari 2025 yamewapunguzia waajiri kidogo hapo, kwa kuwa fidia ya kosa la utaratibu peke yake sasa ni ndogo kuliko ya kukosa sababu. Lakini kukorofishana si sababu. Kwako yote mawili yanapwaya.

Ningekuwa wewe ningempigia tena, safari hii kumwita mezani. Akikubali kurudi, arudi na mshahara wa siku alizokaa nyumbani. Akikataa, mlipe siku alizofanya kazi, notisi ya siku 28, likizo ambayo hakuchukua, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliotimiza, yaani siku 28 kwa miaka minne. Mpe na cheti cha utumishi. Fidia ni mazungumzo yenu; mkikubaliana, andikeni, msaini wote. Akishatangulia CMA bado mtaanza na usuluhishi, kwa hiyo mlango wa kuelewana haujafungwa.

Sasa mikataba. Uliyosikia ni nusu. Zamani mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wanataaluma na mameneja. Marekebisho ya 2025 yamepanua mlango, na kazi ya msimu pamoja na ongezeko la kazi la muda mfupi zimo. Vibarua wako 9 wanaingia hapo bila shida: andika tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na sema wazi kwamba ni msimu wa asali. Wale 6 hawaingii. Mtu anayefungasha asali Januari hadi Desemba hana msimu, na kumpa miezi mitatu mitatu ni kumvisha joho lisilo lake. Ukimwongezea mara nne kisha ukakataa ya tano, atadai kwamba alikuwa na matarajio halali ya kuongezewa, na hilo sheria inalihesabu kuwa ni kuachishwa kazi. Hao wape mikataba isiyo na ukomo.

Na usirudishe tarehe nyuma, nakusihi. Niliwahi kuletewa na mwajiri mmoja mikataba ya "2018" iliyochapwa kwenye karatasi yenye nembo waliyoanza kuitumia 2022. Weka tarehe ya leo, kisha ndani andika kwamba fulani yupo kazini tangu mwaka fulani. Bila maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wako, si wake.

Kuhusu 358,322, pumua. Ndiyo iliyotangazwa Oktoba 2025 kutoka 275,060, na inatumika tangu 1 Januari 2026, lakini ni wastani. Kinachokubana ni Amri ya Mshahara yenye jedwali la kila sekta, na sekta hazilingani: katika amri iliyotangulia kilimo kilikuwa 140,000. Jedwali lina viwango vya saa, siku, wiki na mwezi, hivyo vya vibarua utaviona. Angalia tu usijipange kwenye kilimo kwa sababu nyuki wanakaa msituni. Wewe unachuja na kufungasha. Aliyekuwa akipata zaidi ya kiwango hapunguziwi.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na usimkate mfanyakazi zaidi ya 10. Wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5, wote juu yako. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, huanzia wafanyakazi 10, basi nenda TRA kabla ya msimu, ukiwa na hesabu ya 15, si 6.

Mlinzi ndiye anayenitia wasiwasi. Saa 12 mara sita ni 72, wakati wiki ya kazi ni saa 45. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, lakini hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na yeye anazidisha 27 kila wiki. Zaidi ya hapo, kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kumwongezea pesa peke yake hakutoshi. Tafuta mlinzi wa pili wagawane usiku, na makubaliano ya zamu za saa 12 yawe kwa maandishi.