Wingu ni maji, mbona halianguki?

Maswali ya mvua yamenijia mengi. Nimechagua matano na kuyapanga yafuatane.

Tulifundishwa kwamba wingu ni mvuke. Ni kweli?

Si kweli, ingawa wengi tulikaririshwa hivyo. Mvuke wa maji hauonekani. Tazama birika linalochemka: karibu kabisa na mdomo wake pana nafasi ndogo usiyoona kitu, kisha ndipo weupe unaanza. Ile nafasi tupu ndiyo mvuke. Ule weupe tayari ni vitone vya maji, na wingu ni hivyohivyo. Hewa yenye joto hupanda, ikipanda hutanuka, ikitanuka hupoa, takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila kilomita kabla haijajaa unyevu. Ikishajaa, mvuke hurudi kuwa maji, ila unataka pa kushika: chembe ya vumbi, ya moshi, au ya chumvi iliyorushwa na mawimbi ya bahari. Kwa hiyo ndani ya kila kitone kuna uchafu kidogo.

Kama ni maji, mbona halianguki?

Vitone vyake vinaanguka, tena muda wote, ila polepole mno. Kimoja kina upana wa kama sehemu 2 za mia za milimita na hushuka sentimita 1 hivi kwa sekunde. Hewa inayopanda kutoka chini inakirudisha juu bila taabu. Lakini usidhani wingu ni jepesi. Likiwa na nusu gramu ya maji katika kila mita ya ujazo, wingu la kilomita 1 ya ujazo limebeba tani 500.

Sasa vitone vidogo hivyo vinageukaje mvua?

Hapa ndipo penye kazi. Tone la mvua la milimita 2 ni sawa na vitone milioni 1 vya wingu. Tukisubiri kila kitone kinenepe kwa mvuke peke yake, wingu litakuwa limeshatoweka kabla hakijafika popote.

Zipo njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kugongana. Kitone kilichozidi wenzake kidogo huanguka kwa kasi zaidi, huwafikia wa chini na kuwameza. Umewahi kuona kioo cha dirisha wakati wa mvua: tone moja limetulia, linaguswa na la pili, ghafla linateleza na kuzoa yote yaliyo njiani mwake. Wingu lisilofika kwenye baridi kali hunyesha kwa njia hiyo.

Ya pili ni barafu, na mimi naiona ya ajabu zaidi. Huko juu, vitone vinaweza kubaki maji hata baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Zikitokea chembe chache za barafu katikati yao, mvuke hukimbilia barafu, vitone vya maji navyo hukauka ili kuziba pengo. Barafu inanenepa kwa mali ya jirani. Ikielemewa huanguka kama theluji, na ikikuta hewa ya joto njiani huyeyuka. Alfred Wegener, yuleyule wa nadharia ya mabara yanayosogea, alilidokeza jambo hili mwaka 1911, na Tor Bergeron wa Sweden akalifafanua miaka ya 1930. Kwa hiyo mvua iliyokulowesha mchana wa joto huenda ilikuwa theluji muda mfupi uliopita.

Wingu jeusi limetanda, likapita bila tone. Kwa nini?

Weusi ni unene tu: mwanga wa jua haupenyi. Pengine lilinyesha kweli, matone yakakauka njiani. Angalia vizuri chini ya wingu la namna hiyo, utaona michirizi ya kijivu inayoning'inia na kuishia hewani.

Tone la mvua lina umbo la chozi?

Wachoraji wametudanganya. Tone dogo ni duara kama gololi. Likipita milimita 2 hivi, hewa hulisukuma kutoka chini likawa bapa upande huo, juu likabaki kuba. Likikaribia milimita 5 au 6 hupasuka vipande.

Unaweza kuyapima mwenyewe kwa njia ya Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliyepiga picha nyingi za chembe za theluji. Mwaka 1904 alieleza alivyokinga mvua kwa unga. Chekecha unga mkavu kwenye sinia, kina cha sentimita 2 au zaidi, litoe nje kwa sekunde chache, rudisha ndani, acha ukauke, kisha chekecha tena. Kila tone limeacha kidonge kimoja kigumu. Fanya hivyo siku ya manyunyu, urudie siku ya mvua ya radi, uvilinganishe vidonge. Ila siku hiyo ya radi usizubae nje, maana sekunde kumi zinatosha kukukandia unga wote.