Maswali na majibu: Mkono unaganda kila nikitaka kuanza picha kwa brashi ya hewa

Swali

Habari fundi. Natumia brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi kwa kuminya na kuvuta kitufe, sindano ya milimita 0.3, na rangi za akriliki za maji. Mazoezi ya nukta na mistari nafanya vizuri tu kwenye makaratasi ya ovyo. Lakini nina picha ya uso wa mtoto, nimeshaichora kwa penseli kwenye karatasi nzuri, na wiki zinapita sijaigusa. Kila nikishika brashi naona nitaiharibu kwa mpulizo wa kwanza. Nimeanza kufikiri labda sina kipaji. Nifanyeje? Na nikinunua brashi yenye sindano nyembamba zaidi, itanisaidia?

Jibu

Nzuri, na asante kwa kutaja vifaa vyako, umenirahisishia kazi.

La kipaji tuliweke kando. Mtu ambaye mistari yake inatulia kwenye karatasi ya ovyo ana mkono wa kutosha kuanza picha. Kinachokugandisha ni kuamini kwamba mpulizo wa kwanza ndio unaoamua kila kitu. Kwa brashi ya kawaida na rangi nzito pengine ungekuwa na hoja. Kwa brashi ya hewa picha hujengwa kwa matabaka mengi mepesi, na tabaka la kwanza likiwa jepesi inavyotakiwa, halina nguvu ya kuharibu chochote.

Hata hivyo, hofu yako nadhani ni mbili zilizochanganyika, na kila moja ina dawa yake. Kuna hofu ya chombo: kwamba brashi itatema tone mahali pasipotakiwa. Na kuna hofu ya picha: kwamba utakosea kivuli, sura itapotea. Ya kwanza ina msingi kabisa, kwa hiyo tuanze nayo.

Brashi hutema kwa sababu zinazojulikana. Iliyo kubwa ni mpangilio wa kidole. Hewa ndiyo inatangulia na hewa ndiyo inamaliza: minya kwanza upate hewa tupu, kisha vuta kitufe nyuma taratibu upate rangi. Ukimaliza, rudisha kitufe mbele rangi ifunge, halafu ndipo uachie hewa. Ukiachia hewa huku kitufe bado kimevutwa, rangi kidogo hubaki kwenye ncha ikikungojea, na mpulizo unaofuata utaisukuma yote kwa mkupuo. Ndilo lile doa la mwanzo wa mstari ambalo kila mwanafunzi hulilaumu kwa kutetemeka. Sababu nyingine ni akriliki kukauka kwenye ncha ya sindano. Itazame kwa karibu baada ya dakika chache za kazi, utaona kijipete cha rangi kimejishika pale. Kifute kwa brashi laini yenye maji, na ufanye hivyo mara kwa mara bila kusubiri mpaka mstari ukatike.

Kwa hiyo weka kipande cha karatasi ya aina ileile pembeni ya picha, kikiwa karibu kiasi cha kugusana nayo. Kila mpulizo uanzie pale. Puliza mara moja pembeni, ona rangi inatoka safi, ndipo usogee kwenye picha. Kila ukipumzika, ukijaza kikombe cha rangi au ukifuta ncha, rudi pembeni kwanza. Wapo wanaoona hili ni jambo la wanaojifunza, lakini wazoefu pia hufanya, na sioni sababu ya kuliacha hata ukishabobea.

Sasa presha na rangi. Kwa sindano yako na akriliki ya maji, psi (kipimo cha presha ya hewa) 15 hadi 25 ndiyo sehemu ya kuzungukia. Kwa tabaka la kwanza la uso napendelea rangi inayopitisha mwanga, iliyochanganywa nyepesi sana, kiasi kwamba mpulizo mmoja huwezi kuuona vizuri mpaka uulinganishe na karatasi tupu. Rangi ikiwa nyepesi hivyo, shusha presha ikaribie 15 na anza ukiwa mbali, sentimita 10 hivi. Ukisogea karibu sana na rangi ya majimaji, hewa huisukuma juu ya karatasi na inatawanyika kwa vijimkondo kama miguu ya buibui. Ukiona hivyo pembeni, punguza rangi kwa kidole, punguza presha au rudi nyuma. Ukiona chembechembe kavu badala yake, rangi ni nzito, presha ni ndogo mno, au uko mbali mno.

Mkono wenyewe ukitetemeka, usipambane nao kwa kupunguza mwendo, maana mstari wa polepole ndio unaoonyesha mtetemo. Zungusha mpira wa hewa mara moja kwenye mkono, chini ya kiwiko, ili uzito wake usivute brashi, tumia mkono wa pili kushikilia wa kwanza, na sogeza mkono mzima badala ya kifundo. Halafu kuna zoezi ambalo naliona lina faida kuliko maneno yote ya kujipa moyo: pita juu ya picha yenyewe na hewa tupu, rangi ikiwa imefungwa. Fuata mviringo wa shavu mara kadhaa mpaka mkono uizoee njia. Ukishaizoea, vuta kitufe kidogo tu huku mkono ukiwa tayari unatembea, na ukifunge kabla mkono haujasimama.

Tuje kwenye hofu ya picha. Usianze na macho. Najua wapo wachoraji wazuri wanaoanza na macho kwa sababu yakitoka vizuri wanapata ari ya kuendelea, ila kwa mtu aliyeganda, huko ni kujitwisha mzigo mzito kabla ya kupasha misuli. Anza na vivuli vipana visivyo na ukingo: chini ya kidevu, upande wa shavu ulio gizani, mahali nywele zinapokutana na paji. Pita, acha ikauke, tazama, pita tena. Rangi inayopitisha mwanga huenda kutoka kwenye mwanga kuelekea giza, na weupe wa karatasi ndio mwanga wako, kwa hiyo sehemu zinazong'aa ziache wazi. Usitegemee kuzirudisha baadaye kwa kupuliza nyeupe, kwani nyeupe ikipulizwa juu ya rangi ya giza huelekea kuonekana ya samawati, na kwenye ngozi ya mtoto itaonekana mara moja.

Kabla ya hapo, punguza penseli. Rangi ya namna hii haifichi mstari, na ikishakaa juu yake mstari huwa mgumu kufutika. Bonyeza kifutio laini juu ya mchoro bila kusugua mpaka ubaki mwepesi, unaouona wewe tu.

Na ukikosea? Mengi yanarekebishika. Ukingo uliotoka mkali unalainishwa kwa kupita pembeni yake kwa mbali. Doa dogo likishakauka hupunguzwa kwa kifutio kigumu chenye ncha, na kwenye karatasi imara unaweza kulikwangua polepole kwa wembe wa kuchorea ulioulaza. Njia hizohizo hutumika makusudi kutoa nywele nyembamba na mng'ao wa jicho, kwa hiyo zijaribu kwenye kile kipande cha pembeni kabla hujazihitaji. Lisilorekebishika kirahisi ni giza lililojaa mno, ndiyo maana nasisitiza wepesi.

Kama hofu bado ni kubwa, hamisha mchoro kwenye karatasi ya pili na uzifanye zote mbili kwa pamoja, kila hatua ikitangulia kwenye ile ya pili. Mara nyingi ile ya majaribio hutoka vizuri zaidi, na hakuna anayekukataza kuichagua.

Vaa barakoa yenye vichujio na fungua madirisha hata kama rangi ni ya maji. Vumbi lake huingia kifuani vilevile.

Kuhusu sindano nyembamba: hapana, kwa sasa usinunue. Milimita 0.3 inatosha kabisa kwa uso, pamoja na kope. Sindano ya 0.2 huziba upesi na hutaka rangi nyepesi na safi zaidi, na kwa aliye na wasiwasi kila kuziba ni sababu mpya ya kuiweka brashi chini. Fedha hiyo nunua karatasi nzuri za ziada, ile iliyo mezani isiwe ya pekee.