Watoto niliowasahau kwenye mlinganyo

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji anayesoma uzamili wa hisabati: "Shikamoo dada. Msimamizi amenirudishia sura ya tatu mara ya pili, anasema modeli yangu haina watu ndani. Niache?"

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. "Haina watu." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mbele ya darasa zima, na nikiyakumbuka mpaka leo tumbo hunikata.

Mada yangu ilikuwa kuenea kwa kilimo Ulaya, katika nchi zilizokaliwa na wawindaji na wakusanyaji. Kilimo kilitoka Mashariki ya Karibu, kikapita Anatolia na Ugiriki, kikafika Uingereza yapata mwaka 4000 KK. Mwaka 1971 Albert Ammerman na Luigi Luca Cavalli-Sforza walilinganisha tarehe za rediokaboni, kipimo cha umri wa mabaki ya kale, na umbali, wakakuta mpaka wa wakulima ulisogea kama kilomita 1 kwa mwaka. Wakaja kulieleza jambo hilo kwa mlinganyo ambao Ronald Fisher aliuandika mwaka 1937 kuhusu jeni: watu wakizaana na kuhama, hutokea wimbi lenye kasi moja. Zidisha kiwango cha ongezeko kwa kiwango cha uhamaji, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa mbili.

Niliupenda mlinganyo ule kupita kiasi. Ongezeko nililiweka asilimia 3.2 kwa mwaka. Wakulima wa kale hawakuacha sensa, kwa hiyo uhamaji huazimwa kwa Wamajangir wa kusini-magharibi mwa Ethiopia, wanaofyeka msitu, kulima na kuhama: wastani wa mraba wa umbali ni kama kilomita za mraba 1,500 kwa kizazi. Gawanya kwa nne, kisha kwa miaka 25 ya kizazi, unabaki na 15. Jibu langu likawa kilomita 1.4 kwa mwaka. Nikaona nimefika.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mtoto kwenye modeli yako anahama akiwa na umri gani?" Sikuwa na jibu. "Basi kichanga kinazaliwa, kinabeba jembe, kinaondoka. Modeli yako haina watu." Darasa likaangua kicheko. Jioni ile nilipanda daladala nikapitiliza kituo changu bila kujua.

Nyumbani nikamkuta binamu yangu wa miaka 17 akimenya mihogo na mama. Alizaliwa nyumba ile ile, na bado alikuwa humo humo. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Mtoto hukaa kwa wazazi kwanza, ndipo aende kufungua shamba lake! Joaquim Fort na Vicenç Méndez walikwisha kulitia jambo hilo kwenye hesabu mwaka 1999: kasi inagawanywa kwa moja jumlisha nusu ya ongezeko mara urefu wa kizazi. Kwa namba zangu kigawanyo ni 1.4. Nikafanya hesabu nyuma ya risiti ya luku: 1.4 gawanya kwa 1.4. Kilomita 1 kwa mwaka.

Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Niliwarudisha na wawindaji, maana nao nilikuwa nimewafuta, nikaichukulia ardhi yao kama tupu. Wakulima wanaoitwa wa vyungu vya mistari, kwa mapambo ya vyungu vyao, walienea Ulaya ya kati kuanzia yapata 5500 KK, wakafuata udongo mzuri, halafu kilimo kikakwama kabla ya Denmark kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kule waliishi watu wa Ertebølle, wavuvi wenye vyungu vyao na marundo makubwa ya maganda ya chaza, na pwani iliwalisha vizuri. Kenichi Aoki na wenzake waliweka makundi matatu mwaka 1996: wakulima wa mwanzo, wawindaji, na wawindaji waliogeuka wakulima. Kundi la tatu ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu lina watu wanaoamua.

Wiki iliyopita tasnifu yangu imepita, na aliyeisaini ni mhadhiri yule yule. Hakuniomba radhi. Swali lake lilikuwa sahihi. Kicheko kile hakikuwa na sababu, na ninyi mtakaokuja kufundisha msimfanyie mwanafunzi hivyo.

Mdogo wangu, usiache. Ijue kila herufi ya mlinganyo inamhusu nani kabla hujaiandika. Wengi wetu tunakimbilia kuutatua mlinganyo kwa sababu hapo ndipo tunaposifiwa, na herufi tunaziacha bila wenyewe. Kila herufi ina mtu wake, mtafute. Leo usiku chukua sura ya tatu na kalamu, chini ya kila herufi andika ni nani na ana umri gani, kisha nipigie picha unitumie kabla hujampelekea msimamizi.