Mibuyu ya Mama Ngina na majini yake

Ndugu yangu, umeuliza kama kweli sisi wa Mombasa twaogopa mibuyu usiku. Jibu: mchana hapana, usiku inategemea uko na nani.

Bibi yangu alitukataza kabisa kupita chini ya mbuyu baada ya magharibi. Ukilazimika, utoe salamu, maana wenyewe wapo. Tukicheka, anatutazama tu. Hata leo kuna mibuyu ya zamani ambayo utakuta imefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe, na chini pana marashi na ubani. Hayo si hadithi, yapo.

Ila nikwambie kitu. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, linaning'inia kichwa chini. Harufu yake nzito, kama kitu kilichoanza kuvunda. Popo ndio huja kunywa asali yake na kubeba chavua. Sasa fikiria mtoto gizani: harufu ya ajabu, mbawa zinapiga juu ya kichwa, hakuna mtu. Utasema nini kama si jini?

Ukija, nenda Mama Ngina, ile bustani ya mibuyu kando ya bahari, saa kumi na moja jioni, karibu na kivuko cha Likoni. Nunua dafu na muhogo wa kuchoma, ndimu na pilipili usisahau. Kaa hadi taa za meli ziwake.

Mimi bado hutoa salamu. Kimoyomoyo, lakini natoa.