Mama, sina ninayemjua

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 25, nilimaliza shahada ya afya ya jamii mwaka jana. Najitolea zahanati moja huku Ilemela, kutwa najaza madaftari ya MTUHA, yale ya taarifa za wagonjwa na huduma. Barua za maombi nimetuma mpaka nimechoka. Naambiwa kazi ni kujuana, na mama yangu ni mchuuzi wa dagaa. Nianzie wapi?
Msomaji, Kayenze

JIBU: Marahaba mwanangu. Hawajakudanganya, ila wamekuachia nusu ya maneno. Mimi nilijuana na watu kupitia daftari hilohilo.

Ujanani niliwahi kumkabidhi mkubwa mmoja wasifu wangu kwenye semina. Alipoinuka, bahasha ilibaki kitini. Iliniuma sana. Lakini mle ndani hamkuwa na kitu cha kumfanya aniulize swali.

Baadaye, nikiwa zahanati huko Ukerewe, nikaona kwenye daftari la wagonjwa wa nje watoto wa kitongoji kimoja wanarudi na tumbo na choo chenye damu. Nikaenda. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa. Watoto wanachota ziwani, maji magotini, kwenye majani yaliyojaa konokono. Kichocho kitakosaje? Nikahesabu wagonjwa wa miezi mitatu, nikachora ramani kwa kalamu, ukurasa mmoja, nikampelekea mganga mkuu wa wilaya. Hakuuliza mimi ni mtoto wa nani. Aliuliza, "Pampu imekufa lini?" Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye gari la wilaya.

Na zahanati usiidharau. Utafiti mkubwa wa Mwanza uliotoka mwaka 1995 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya kawaida kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliusoma.

Jiunge na Chama cha Afya ya Jamii Tanzania, TPHA, na uandae kazi ya kupeleka kwenye kongamano lake. Wenzako wa darasani walioko Geita na Sengerema wapigie simu hata kama huna shida. Nafasi nyingi nilizisikia kwa watu wa rika langu, si kwa wakubwa. Na mama yako, mwanangu! Watafiti wanaokuja mwaloni, kule dagaa wanakoshushwa, wanahangaika kumpata mtu anayejua aanze kumsalimia nani. Wewe umezaliwa humo.

Kesho mwombe mganga mfawidhi ruhusa, fungua daftari kabla foleni haijajaa. Majina ya wagonjwa usiyanakili, hesabu vitongoji tu. Kisha niandikie umeona nini.