Niliuza bunduki kwa woga, na bado inaniuma

Juzi kijana mmoja wa kwetu Eldoret, yuko Fort Worth, Texas, hapa Marekani, anaendesha lori, kaniandikia inboksi kuhusu sailensa, kile kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. "Kaka mkubwa, naskia sailensa ni bure tangu mwaka huu uanze. Si niende tu dukani nichukue, nifunge kwa bunduki, niendelee na kazi?" Nilicheka, halafu kicheko kikaisha, juu mimi hii mambo ya sheria za federali (za serikali kuu ya Marekani) ilinipiga 2023 na bado sijapona. Tofauti yetu ni kwamba yeye hana woga hata kidogo, mimi nilikuwa na woga wa kutosha watu wanne.

Wacha nianze na yangu.

2021 nilinunua bunduki ndogo aina ya AR, kisheria ilihesabiwa bastola, mtutu inchi 10 na nusu, dola 950, na nyuma imefungwa bresi. Kama hujui bresi ni nini, ni kale kadude kenye mkanda wa kufunga kwa mkono, kalibuniwa ili mwanajeshi mstaafu mwenye ulemavu aweze kupiga shabaha kwa mkono mmoja, na ATF (wale wa federali wanaosimamia silaha) walikapitisha 2012. Shida ni kwamba ukikaegemeza begani kanafanya kazi ya kitako, na raifo (bunduki ya kuegemeza begani) yenye mtutu chini ya inchi 16 ni kitu cha kusajiliwa kwa sheria ya 1934, ukikutwa nayo bila usajili unaweza kula hadi miaka 10 ndani. 2015 ATF wakaandika kwamba ukikaweka begani umeunda silaha nyingine kabisa, 2017 wakalegeza. Nilipomweleza mke wangu akaniuliza, "Kwa hivyo unafungwa kwa ajili ya bega?" Mpaka leo sina jibu la maana.

Sasa Januari 31, 2023 ikachapishwa kanuni mpya: karibu zote za aina yangu zihesabiwe raifo fupi, mna siku 120, mwisho Mei 31. Unaweza kusajili bila kulipa kodi ya kawaida ya usajili ya dola 200, au ubadilishe mtutu uweke wa inchi 16, au utoe bresi uiharibu isirudishike, au ukabidhi bunduki, au uiharibu yote. Ukisoma hivyo umetulia unaona njia ziko. Lakini mimi sikusoma. Nilikuwa na grini kadi, maombi ya uraia nishatuma, intavyuu ni Juni, na kila mkenya hapa anajua kosa la silaha linaweza kukupandisha ndege ya kurudi nyumbani hata kama umekaa hapa miaka 20 na nyumba umenunua. Usiku sikulala. Nilikuwa naangalia YouTube mpaka saa tisa, huyu anasema sajili, huyu anasema ukisajili umejichongea, mwingine anasema ATF watabisha mlango Juni mosi asubuhi.

Nikaenda kwa jamaa wa duka moja, duka sitalitaja. Akaigeuza geuza akaniambia hii mwezi ujao ni chuma chakavu, nitakupa 300 nikusaidie. Nikusaidie! Nikachukua. Bresi ikatolewa mbele yangu ikatupwa kwa pipa, nikatoka pale najiona mwerevu.

Haikupita wiki tatu, mahakama ya rufaa ya New Orleans ikasimamisha hiyo kanuni kwa walioshtaki, na siku chache baadaye ikafafanua kwamba hata wanachama wa shirika lililokuwa kwenye kesi wamo. Mimi hata sikujua kuna shirika. Halafu Juni 13, 2024 jaji wa federali hapo hapo Fort Worth akaifuta kanuni nzima. Wiki hiyo nikapita kwa lile duka, sijui hata nilienda kutafuta nini, nikaona kwenye kioo moja kama yangu kabisa, bresi na kila kitu, 875. Nilikaa kwa gari dakika kumi bila kuwasha injini.

Uraia nilipata, Mungu ni mwema. Lakini tuseme ukweli, ningepata hata kama ningebadilisha mtutu tu, au nisajili bure, juu njia zote hizo zilikuwa halali na zimeandikwa. Kilichonikosesha ni uvivu wa kusoma.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza: soma karatasi yenyewe. Usisome mtu anayekueleza karatasi, soma karatasi, angalia tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho. Wa pili: tarehe ya mwisho ikiwa Mei 31, usiuze Mei mosi. Siku ulizopewa ni zako, zitumie, kesi nyingi zinaamuliwa dakika za mwisho. Wa tatu, soma karatasi. Najirudia na sijali.

Na ukiona sheria inakuonea, kuna namna ya kugoma bila kujiharibia. Siku moja baada ya ile hukumu ya bresi, yaani Juni 14, 2024, Mahakama ya Juu ikaangusha marufuku ya bampu stoki (kitako kinachofanya bunduki ya kawaida ifyatue mfululizo karibu kama mashine gani), majaji 6 kwa 3. Marufuku hiyo ilikuja baada ya mauaji ya Las Vegas ya 2017, na kufika Machi 2019 kila mwenye nayo alitakiwa aiharibu au aikabidhi, fidia hakuna. Michael Cargill, mwenye duka la bunduki Austin, hakuzificha zake chini ya kitanda. Alizikabidhi huku akilalamika, kisha akaenda kortini, akangoja miaka mitano, akashinda. Sisi wahamiaji tunapenda njia mbili tu, kukimbia au kujificha. Tubadilike jamani.

Turudi kwa sailensa ya huyu kijana. Ni kweli, sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeshusha ile kodi kutoka dola 200 hadi sufuri kuanzia Januari 1, 2026, kwa sailensa na kwa bunduki zilizofupishwa. Kilichofutwa ni kodi tu. Usajili uko palepale, Fomu 4 (ya kuomba kibali ATF), picha, alama za vidole, na unangoja kibali kabla hujaibeba kutoka dukani. Mimi nilituma Januari, Machi nikaitwa kuichukua, na safari hii (nisifiwe kidogo) nilisoma kila mstari. Nimeisajili kwa trasti (umiliki wa pamoja kisheria) niliyofungua na mke wangu ili hata nikiwa safarini yeye asiwe na kosa kukaa nayo nyumbani. Naye ilibidi apigwe picha na alama za vidole, alinuna wiki nzima.

Utaskia pia watu wa Texas wakisema kuna sheria ya jimbo ya 2021, kwamba sailensa iliyotengenezwa Texas ikabaki Texas federali haiwahusu. Hiyo sheria ipo kweli. Lakini Kansas walikuwa na ya aina hiyo tangu 2013, na wanaume wawili waliiamini, mmoja akatengeneza akauza, mwingine akanunua, wote wakapatikana na hatia mahakama ya federali 2016. Mahakama ya Juu ikakataa hata kuisikiliza. Usiwe wa tatu.

Nikamwandikia kijana haya yote, akanirudia na swali moja tu: "Na route yangu ya Chicago nikibeba?" Nikamwambia Illinois sailensa ni haramu kwa raia hata uwe na kibali cha federali, na New York, New Jersey na California vivyo hivyo, na zaidi ya hapo kampuni yako ya lori ikikuta bunduki kwa kabini labda umepoteza kazi. Halafu nikamuuliza, wewe makaratasi yako yakoje, grini kadi unayo au bado uko kwa viza? Juu mwenye viza ya muda, ukitoa wachache kama wenye leseni ya kuwinda, haruhusiwi kushika bunduki yenyewe, wacha sailensa.

Ameisoma meseji. Tiki mbili za bluu tangu Jumanne. Hajajibu.