Arobaini ya mwalimu aliyesoma vitabu viwili

SWALI: Baba yetu mkubwa, mwalimu hapa Ujiji, ametutoka. Miaka mingi alikaa na masheikh na mapadri wakilinganisha Kurani na Biblia. Ameacha sanduku la madaftari, vitabu na kanda 20 za mijadala. Arobaini inakaribia na wageni ni wa dini zote mbili. Tufanyeje pasiwe na mzozo, na vitu vyake tuvihifadhi vipi?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Poleni sana. Anzeni na sanduku. Lifungwe leo, ufunguo ashike mtu mmoja, maana siku ya shughuli kila mgeni ataomba “kadaftari ka kumbukumbu” na hamtakaona tena.

Ibada msizichanganye. Mtu aliyetumia umri wake kueleza tofauti bila kuzificha hafanyiwi dua ya mseto. Khitma, yaani kisomo cha Kurani nzima, iwe khitma: juzuu (sehemu) 30, wasomaji 15, kila mmoja juzuu mbili. Wazoefu humaliza juzuu kwa nusu saa, wengine dakika 50, kwa hiyo anzeni mara baada ya alasiri. Kigoma magharibi huingia karibu na saa moja. Wakristo wanaotaka kumwombea wafanye kanisani kwao, kwa utaratibu wao. Kisha wote mkutane kwenye jamvi. Mzozo mara nyingi huzuka jikoni: nani kachinja, sufuria imetoka wapi? Pikeni migebuka. Samaki hachinjwi, na sufuria ziazimwe nyumba za Waislamu.

Madaftari yana adui wawili, mchwa na unyevu wa masika. Sanduku la bati likae juu ya matofali, mbali na ukuta. Msifunge karatasi kwenye mifuko ya nailoni, zitaota ukungu. Wala msizianike juani, wino utapauka. Toeni pini zenye kutu. Kurasa zipewe namba kwa penseli, kisha mpige picha kwa simu karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Pambizo zionekane zote! Wengi huzikata, na humo ndimo ilimo kazi yake. Kando ya Luka 1 mkiona “19” si hesabu ya duka: ni Surat Maryam, ambamo nako habari za Zakaria na Mariamu zimo.

Kabla ya kucheza kanda yoyote, vunjeni vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwake, mtu asije akarekodi taarabu juu ya sauti ya marehemu. Futeni kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Zungusheni kanda hadi mwisho na kuirudisha, ndipo muihamishie kwenye kompyuta. Kama zote ni za dakika 90, tengeni saa 30. Za dakika 120 ni nyembamba, hukatika ovyo, mpeni fundi.

Barua ni jambo jingine. Mwalimu wa namna hii huandikiwa siri: ndoa za dini mbili, waliobadili dini. Hizo msizipige picha. Zitieni kwenye bahasha, mzifunge, na wenyewe walio hai waulizwe kwanza.